Chupa ya Asali Mbele ya Watahini

Nilikwenda Brussels kumsikia mwanangu akiulizwa maswali. Zuhura, kitinda mimba wangu, alikuwa amemaliza tasnifu ya udaktari, na Ubelgiji hatua ya mwisho hufanywa hadharani: watahini wanakuhoji mbele ya yeyote aliyekuja, kisha wanaamua. Mama yake miguu inamsumbua, basi safari ikaniangukia mimi, mfuga nyuki wa Singida. Wenzangu sokoni walipouliza binti ameandika nini, niliwaambia ni jinsi wafalme wa Uingereza wa ukoo wa Stuart walivyohangaikia pesa, miaka mia nne iliyopita. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mfalme naye anahangaika kama sisi?" Kusema kweli, nilicheka nao.

Basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Katikati ya nguo zangu nilikuwa nimefunga chupa kubwa ya asali, maana kwa walimu wa mwanangu sikuweza kwenda mikono mitupu.

Brussels nilifika asubuhi. Zuhura alinipokea, amekonda, akanipeleka Auderghem, alikopanga chumba kwa Maman Godelive, Mkongo wa Likasi. Karibu na nyumba msitu unaanza, miti imenyooka na kupaa hivi kwamba nilisimama nimekodoa macho, nikitafuta pa kutundika mizinga.

"Karibu, papa," alisema Maman Godelive. "Mutoto yako halali. Kila siku ni mambo ya ba-roi, bafalme, tu!"

Kesho yake tulikwenda makumbusho. Huko niliona zulia la kutundikwa ukutani, lililofumwa Brussels hiyohiyo, kubwa kuliko nyumba yangu. Hariri na nyuzi za dhahabu, farasi, mawingu, watu wana mpaka kucha vidoleni. Nilihisi nimepunguka kimo.

"Mfalme wa kwanza wa Stuart kutawala Uingereza alipata wafumaji kutoka nchi hizi, kikafunguliwa kiwanda kwake," Zuhura alininong'oneza. "Kulipia ikawa tabu."

"Mwenye vitu kama hivi?"

"Vitu alikuwa navyo, baba. Pesa ndiyo hakuwa nayo. Akitaka kodi mpya aombe Bunge, na Bunge linataka kwanza limwulize anazitumiaje. Hapendi kuulizwa, basi akauza vyeo. Mwanawe aliyemrithi akatoza pesa za manowari hata miji iliyo mbali na bahari. Na maafisa wao, mishahara midogo, wakaishi kwa zawadi za wenye shida. Hapo ndipo kiini cha kazi yangu: zawadi inageuka lini kuwa malipo?"

Nilitazama tena ile dhahabu, mwili ukanisisimka. Fahari yote ile, na mwenyewe hana kitu mfukoni! Habari ya zawadi iliingia sikio hili ikatokea lile.

Siku ya mtihani, Zuhura alitangulia. Jikoni Maman Godelive aliniona na chupa.

"Papa, ile asali unaipeleka wapi?"

"Kwa walimu wake."

"Apana, papa. Huku bantu banaogopa cadeau, zawadi, mbele ya examen. Bon, ngojea bamalize, alors utabapatia."

Nilimwona mwoga. Mimi naye tulishuka kituo cha Flagey, tukatembea hadi chuoni, na mlangoni mwa ukumbi nikamkuta mwenyekiti wa watahini, mama mrefu mwenye mvi. Nilimkabidhi chupa kwa mikono miwili. Alitabasamu, akaiweka mezani pao.

Zuhura aliingia, akaiona. Uso wake ulibadilika, nami nikajua papo hapo kwamba nimeharibu.

Walimhoji kwa Kiingereza muda mrefu. Kisha mwenyekiti akaigusa ile chupa na kusema jambo. Zuhura akanigeukia.

"Baba," alisema kwa Kiswahili, "wanauliza, kwa hoja zangu mwenyewe, hii ni zawadi au malipo. Siwezi kukujibia. Umewapa ili wafanye nini?"

Kwetu mtoto hamhoji baba mbele za watu. Damu ilinipanda kichwani. Maman Godelive akanisukuma kwa kiwiko: "Papa, mutoto anakuuliza. Simama!"

Nilisimama. "Wamekufundisha miaka yote hii nikiwa mbali. Nimewashukuru."

"Na wakinifelisha?"

"Waile vilevile. Asali haina kosa."

Alitafsiri. Watu walicheka, yeye hakucheka. Baadaye alinieleza alichowaambia: kwamba hati za kifalme zinaonyesha nani alitoa na akapata nini, lakini moyo wa mtoaji hazionyeshi, na huo ndio upungufu wa kazi yake. Hata hivyo anayeamua hapaswi kupokea. Aliomba chupa iondolewe. Mwenyekiti aliinuka mwenyewe, akaja kuniwekea mapajani.

Walipotoka kushauriana nilimtazama binti yangu kama mtu ninayemwona mara ya kwanza. Niliogopa, na nilijivuna, yote pamoja. Waliporudi walimwita Daktari, na vigelegele vya Maman Godelive nadhani vilisikika hadi Flagey.

Siku ya kurudi, kwenye treni ya uwanja wa ndege, Zuhura alinimalizia habari. Yule mwana aliyetoza pesa za manowari alipigana vita na Bunge, akashindwa, akafikishwa mahakamani. Aligoma kujibu, akisema hakuna mwenye mamlaka ya kumwuliza mfalme. Walimkata kichwa.

"Wewe ulijibu, baba," alisema, akanishika mkono.

Sijui bado siri za hazina za wafalme, ila nimejifunza kwamba ukubwa usiokubali kuulizwa ni mzigo hata kwa mwenyewe. Singida nilisimulia yote sebuleni. Mdogo wangu alikasirika kwa niaba yangu.

"Yaani mtoto amekusimamisha mbele ya wageni, kaka?"

"Alinisimamisha," nilisema. "Na mimi nikasimama."