Sifuri ya Mpapura

Kazi yangu ofisini Mtwara ni kuchora ramani za misitu ya kesho: joto likizidi na mvua zikipungua, mpingo utaweza kuishi wapi? Kompyuta hujifunza kwa tunachokiona porini. Ukiukuta mti unaandika moja, usipoukuta unaandika sifuri.

Kule Mpapura, bibi aliyetuongoza alisimama ukingoni mwa kichaka cha matambiko.

"Mipingo imo humu, mwanangu, lakini hatuingii hivi hivi. Kesho nitaleta unga, niwaombe wazee kwanza."

Kesho! Jua lilikuwa la utosi, dereva ananuna, nami nawaza kuoga nyumbani kwangu Rahaleo. Nikamjibu, "Sawa bibi, tutarudi kesho." Nikaingia garini, nikaandika sifuri. Vichaka vingine vya namna hiyo navyo nikavipa sifuri bila hata kushuka.

Sikurudi. Ramani ilipotoka, Mpapura yote ilikuwa nyekundu, yaani hapafai mpingo. Kijiji kilipotafuta eneo la kupanda mikorosho, kikafyeka kile kichaka. Bibi aliambiwa mtaalamu ndiye aliyesema hakina kitu.

Mwaka huu nilipita pale. Katikati ya mikorosho michanga vilibaki visiki vyenye kiini cheusi. Bibi alikuwa akipalilia jirani. Aliinua kichwa, akanitambua.

"Siku ile nilikuja na unga," alisema. "Nikakungoja mpaka adhuhuri."

Nikatoa simu, nikaandika sifuri. Safari hii ilikuwa kweli.