Isale Langu Kwenye Ofisi ya Kodi

Mimi ni fundi seremala wa Mwika, na makadirio yangu ya kodi yalikuwa ya useremala tu. Mwaka huu nikaanza pia kuwaonyesha watalii tunavyokaanga kahawa nyumbani. Juzi mwenzangu wa kwaya akaniambia kwamba mapato hayo nayo lazima yatajwe. Chai ikanishinda kunywa.

Nikavaa koti la kanisani, nikakata jani la isale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea isale mtu uliyemkosea, hana jinsi, atakusamehe tu. Nikateremka Moshi mjini, hadi ofisi ya kodi.

Dirishani alikuwepo binti mmoja mpole. "Shikamoo baba," akasema. Hata kuitikia sikuitikia. Niliinama, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili na kuungama kwa sauti yangu ya besi, mpaka foleni nzima ikasikia.

"Baba, mwaka bado haujaisha," akasema taratibu. "Tunarekebisha makadirio, tunaongeza na hayo ya watalii. Hujamkosea mtu hapa."

Akanielekeza kila kitu bila kunicheka. Hadi leo namwombea binti yule. Tulipomaliza akanirudishia isale langu. "Hili mpelekee uliyemkosea kweli."

Nikageuka nikiwa mwepesi, karibu niimbe. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama mama mmoja wa Old Moshi, mteja wangu, ameshanyoosha mkono.

"Lete hapa, fundi," akasema. "Kitanda changu unanizungusha tangu Pasaka."