Alama ya Hisabati ya Kezia

Leanna Trent alikuwa amechoka uchovu ule ambao hata usingizi hauutibu. Haukuwa wa siku moja. Ulianza Januari ya mwaka jana, siku mama mkwe wake, Bibi Wilma, alipoanguka jikoni akapooza upande mmoja. Mumewe Doyle ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani. Kwa hiyo kulisha, kuogesha, kugeuza na kubadilisha mashuka, yote yalikuwa ya Leanna, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, tena mwalimu kwelikweli. Watoto wake watatu hawakuwahi kukanyaga shule ya serikali. Waliandikishwa katika shule ya kanisa moja pale mjini, shule isiyo na darasa wala kengele: ina chumba kimoja chini ya kanisa, makabati ya mafaili, na Dada Nadine Ogle mwenye muhuri. Sheria ya Tennessee, jimbo lao la milimani huko Marekani, inataka mtoto awe na shule. Haya, shule ndiyo hiyo, na darasa ni meza yako ya kulia chakula. Mara mbili kwa mwaka mama anapeleka karatasi: siku mia moja na themanini zilizosomwa, na alama za kila somo. Alama anatoa nani? Mama huyo huyo. Nani anamkagua? Hakuna. Watu wa milima ile ndivyo wanavyopenda, mtu asiwaingilie nyumbani kwao, na Leanna alikuwa wa kwanza kulisifu jambo hilo.

Sasa ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Mei, na karatasi ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Kezia, kifungua mimba wake, alikuwa anamaliza sekondari. Joho la buluu lilishapigwa pasi. Jumamosi, kanisani, kila mzazi angepanda jukwaani kumkabidhi mwanawe cheti kwa mkono wake mwenyewe, na Septemba Kezia angeanza uuguzi katika chuo cha wilaya. Karatasi ilikuwa mezani, imeshaandikwa kwa penseli. Kiingereza A. Historia A. Hisabati A.

Kando yake kulikuwa na barua ya chuo, matokeo ya mtihani wa kupimwa kabla ya kuanza.

"Kezia, hebu njoo. Hii ni nini?"

"Si umeshaisoma."

"Nimeisoma. Hisabati kumi na moja kati ya sitini. Mtoto wa A?"

"A umeniandikia wewe, Mama."

"Na daftari lako je? Nimelipekua asubuhi hii. Majibu yote sawa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho!"

Kezia alimtazama kana kwamba anamtania. "Si ulinipa kitabu cha majibu? Ulisema nijisahihishe, wewe una Bibi."

Loo. Kweli alisema. Kile kitabu cha mwalimu kilikaa juu ya friji miaka tisa, hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa. Leanna mwenyewe alikishusha, akakiweka mbele ya mwanawe, akaenda kuogesha mgonjwa.

"Basi ungeniambia kwamba huelewi."

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Oktoba. Nilisimama pale mlangoni kwa Bibi, nikasema, Mama, hizi hesabu za herufi sizielewi hata moja. Ukasema, 'Vizuri sana, mwanangu.' Ukaendelea kukunja mashuka."

Leanna akaitafuta siku hiyo kichwani. Hakuiona. Aliikosa kabisa, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Alitaka kulia, lakini hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

"Kwa hiyo utaandika nimefeli?" Sauti ya Kezia ilipanda. "Mimi? Wenzangu wote wanapanda Jumamosi, mimi nikae na wageni nile keki? Acha hiyo A, Mama. Nani atajua?"

"Muuguzi anapima dawa, Kezia. Akikosea hesabu anaua mtu."

"Nitajifunza huko huko!"

"Kwa kumi na moja kati ya sitini?"

"Basi andika unachotaka! Si wewe ndiye shule?"

Tirza, kitinda mimba, akachungulia akasema Bibi kalowana tena. Leanna akanyanyuka, akabadilisha mashuka, akarudi. Saa tano na robo. Akachukua karatasi na funguo za gari. Kezia alimfuata mpaka garini, na walipofika kanisani mjini akagoma kushuka.

"Dada Leanna!" Nadine alimpokea kwa kicheko. "Nilishaanza kukuandalia mazishi. Wote wameleta, umebaki wewe na mke wa Harlan, na yule hata kuchelewa huwa anachelewa."

"Nataka kubadilisha alama moja. Hisabati ya Kezia. Ile A."

"Uipandishe wapi tena, mpenzi? Juu yake kuna paa tu."

"Niandike hajamaliza."

Kicheko kikamkauka Nadine. Akavua miwani. "Ukiandika hivyo, Jumamosi hapandi. Unajua?"

"Najua."

"Jina lake limeshachapwa kwenye ratiba, Leanna. Sikiliza. Miaka kumi na tisa nipo hapa, hakuna mama aliyeniletea alama chini ya C, na mimi siulizi. Umechoka, dada yangu, hata kipofu anaona. Tia B, nenda kalale."

B. Jamani, ilikuwa rahisi namna gani! Mstari mmoja wa penseli, na Jumamosi angepanda ngazi na mwanawe, watu wangepiga makofi, naye angeweza kupumzika. Nani angemlaumu? Kupitia dirisha la chumba kile cha chini aliliona gari, na mguu wa Kezia umetolewa nje ya mlango, unatikisika kwa hasira. Aliitaka ile B kuliko alivyowahi kutaka kitu mwaka ule wote.

"Nipe fomu," alisema.

Nadine akahema, akafungua droo. Fomu yenyewe ilikuwa imebadilika rangi kwa kukaa. *Somo halikukamilika. Sababu:* na chini yake visanduku viwili, mwanafunzi hakuhudhuria, mwanafunzi hakufaulu, kisha nafasi tupu ya maelezo.

"Weka alama hapo kwenye hakufaulu, tumalize," Nadine alisema kwa upole.

Leanna aliviruka visanduku vyote viwili. Akainama kwenye ile nafasi tupu, akaandika polepole, kwa mwandiko ule ule mzuri aliowafundishia watoto wake kusoma: *Mwalimu hakufundisha tangu Januari ya mwaka jana.*

"Hee! Huwezi kuandika hivyo," Nadine alisema. "Haijapata kuandikwa."

Leanna alishuka kwenye mstari wa chini kabisa, uliochapwa neno *Mwalimu*, akatia sahihi yake.