Kidole cha Kalondu

Mzee Kyule alikuwa ameenda ofisi ya leseni za kamari, Kitui mjini, mara tatu, na mara zote tatu alirudishwa Migwani mikono mitupu. Mara ya kwanza aliambiwa alete pingamizi kwa maandishi. Mara ya pili, afisa yuko semina. Mara ya tatu, afisa yuko lakini faili halionekani. Leo alifika kabla mlango haujafunguliwa, akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa. Atakayetaka kuingia, amruke.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Mke wake, Kalondu, alikuwa na chumba sokoni, mahali alipouzia ndengu na mbaazi. Tangu azikwe, mwezi wa tatu, Kyule hajakifungua. Halafu juzijuzi akakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Syokau, fundi wa nguo wa chumba cha pili, akamsomea: kampuni fulani inaomba leseni ya kuweka mashine za kamari humo ndani. Mwenye pingamizi aende ofisini.

Afisa aliitwa Abdiya, mama mwenye buibui na sauti ya upole. Siku hiyo faili lilikuwa mezani.

"Mzee, mimi mwenyewe kamari siipendi, hata dini yangu haitaki. Lakini karatasi ziko sawa. Mwenye chumba alikubali."

"Mwenye chumba nani?"

"Kalondu Kyule. Ploti ni ya jina lake. Wewe ni nani wake?"

"Bwana yake."

"Basi mwambie aje, aseme mwenyewe kwamba hataki. Nikianza kusikiliza mabwana, hii ofisi itajaa mpaka nje."

"Hawezi kuja."

"Ni mgonjwa?"

Kyule aligeuza kofia yake magotini. Neno hilo hajawahi kulitoa kwa mdomo wake. Hospitalini lilisemwa na binti yake Kanini, kanisani likasemwa na pasta. Yeye alikuwa anashikwa tu mkono.

"Alikufa," akasema, kwa ukali, kama Abdiya ndiye wa kulaumiwa.

Abdiya aliweka kalamu chini. "Pole, mzee. Pole sana." Akafunua faili. "Lakini hii barua ya kukubali ni ya mwezi wa pili. Alikuwa hai."

Ndiyo sababu watu wanachoka na ofisi, Kyule akawaza. Hata kufa, umekufa na kalenda mbaya.

"Nionyeshe pahali alikubali."

Abdiya aligeuza karatasi, akaweka ukucha chini kabisa. Palikuwa na sahihi ya wino wa buluu, imezunguka na mkia mrefu, ya mtu aliyezoea kalamu.

"Huyo si Kalondu."

"Umejuaje? Wewe unasoma?"

"Sisomi. Na yeye hakusoma. Hakushika kalamu hata siku moja."

Akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, na ndani ya mfuko karatasi ya ploti, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Chini palikuwa na kidole gumba cha zambarau, kimekatwa katikati na mstari mweupe.

"Alijikata na kisu akitengeneza katani. Akiweka kidole, huo mstari unatokea. Kila karatasi."

Abdiya aliangalia kidole, akaangalia sahihi, akarudi kwa kidole.

"Nani alileta hii barua?" Kyule akauliza.

"Ajenti wao. Mutisya."

"Mutisya alikula kwa matanga yetu."

 Abdiya alipiga muhuri mwekundu juu ya ombi. "Haliendi mbele. Huyo Mutisya atakuja kujieleza hapa. Sasa, mzee, niandikie pingamizi."

Kyule aliinua gumba lake.

"Haya, haya," akasema Abdiya. "Naandika mimi." Alipomaliza akasukuma kidau cha wino. "Lakini tangazo usiliguse. Wataondoa wenyewe, kuna utaratibu."

"Sawa," akasema Kyule.

Jioni, sokoni, alilikwangua tangazo kwa ufunguo wa chumba mpaka likaisha. Syokau alisimamisha cherehani.

"Wamesemaje?"

"Kamari haifunguliwi."

"Wee, asante Mungu. Na wewe je, utafungua lini?"

Kyule aliangalia ufunguo aliokuwa nao, na gumba lake lililobaki na wino. Akautia kwenye kufuli.