Kinyozi Aliyefunga Turbo Uani

Mama alikuwa ameshapanda gari. Gari lenyewe lilikuwa uani, boneti wazi, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, lakini yeye alijiketisha kiti cha nyuma, mkoba mapajani, akafunga mlango.

"Mama, bado tunafunga kifaa," mwanawe alimwambia.

"Fungeni tu. Mimi nimeshafika nusu ya safari."

Huyo mwanawe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kazi yake kinyozi, na mtaani wanamwita Kiberiti. Kutulia hakujui. Hata akinyoa, mguu mmoja unapiga sakafu, na wateja humtania kwamba siku moja atawanyoa kwa mguu ili mkono upumzike. Chai humimina, hunywa nusu, huondoka. Akisubiri maji yachemke, hufungua mfuniko hadi yanapoa.

Siku ile mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hospitali ya macho ni moja tu, ng'ambo ya mlima, na wagonjwa wa upasuaji hupokewa kabla ya saa sita mchana. Safari ya kwanza gari liliishiwa pumzi katikati ya mlima, wakarudi nyumbani, nafasi ikapotea. Tangu hapo jicho la pili nalo likaanza kuingia ukungu. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaamua kwamba watu wa upande huu wataona iwapo tu wana gari zima. Ningependa kumwona akiupanda mlima ule kwa kupapasa.

Ugonjwa wa gari ulijulikana: turbo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, ilikuwa imekwisha. Gereji walitaka gari lilale kwao wiki nzima. Kiberiti na wiki nzima wapi na wapi? Akaagiza turbo ya kampuni nyingine, si ile ya waliounda gari, akaapa kuifunga mwenyewe. Basi la ng'ambo hupita alfajiri tu, na alfajiri ile tuliliacha lipite, kwa kiapo chake.

Kufunga alifunga, vizuri tu. Gaskiti mpya, nati zote, bomba la hewa, bomba la oili. Nikarudisha bati la kuzuia joto. Alikuwa ameshashika ufunguo dada aliponyanyua macho kwenye simu alimokuwa akisoma maelekezo.

"Umemimina oili ndani ya turbo kabla ya kufunga bomba?"

Kiberiti akajifuta mikono, ingawa alikuwa ameshaifuta.

"Injini ina oili. Nikiwasha itapanda yenyewe."

"Itapanda, lakini itachelewa. Hapa wanasema ikizunguka kavu inajila, hata kama ni mpya."

"Mke wangu, bati lile, nati ile ya nyuma, unajua nimeipataje? Kwa ncha za vidole! Tukianza kufungua, mlango wa hospitali unafungwa."

"Na ikifia mlimani tena?"

Kiberiti akasogea kwenye usukani. Dada akamwahi, akampokonya ufunguo na kuupitisha dirishani kwa mama mkwe wake. "Mama, shika huu. Mwanao asiupate mpaka niseme mimi."

Mama akaufumbata. "Huyu alitoka tumboni kabla mkunga hajanawa mikono," alisema. "Fungua, baba. Jicho ni langu, na mimi ndiye ninayekwambia fungua."

Akafungua. Alitukana bati, akatukana nati, akamtukana aliyebuni mkono wa binadamu mnene vile. Ngozi ya vidole ikachubuka. Dada akavuta oili kwa bomba la sindano, akaidondosha kwenye tundu la turbo mpaka likajaa. Tukafunga upya. Dada akasema sasa, mama akatoa ufunguo, nasi tukachomoa waya wa pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, oili ipande kwanza. Kisha waya ukarudi mahali pake, ufunguo ukazungushwa tena, gari likawaka.

Moshi wa buluu ukajaa uani.

"Imekufa!" Kiberiti alipiga kelele, spana ikiwa mkononi tayari.

"Ni oili uliyomwaga juu ya ekzosi ulipofungua bomba," dada alisema. "Iache iungue. Usiguse kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alizunguka gari kama mbuzi aliyefungwa kambani, akichungulia, akinusa, akitazama jua. Moshi ulipokonda, injini bado inanguruma sawasawa, tuliruka ndani sote.

Mlimani, pale gari lilipoishiwa pumzi mara ya kwanza, Kiberiti aliinama juu ya usukani kana kwamba analisukuma kwa kifua. Likavuta. Likaendelea kuvuta.

Tulifika muuguzi akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Mmechelewa."

"Mlango haujafungwa, mwanangu," mama alimjibu, "na mimi ndiyo hivyo nimeshaingia." Kweli alikuwa ameshaweka mguu ndani. Muuguzi akacheka, akamshika mkono, wakapotea kwenye ujia.

Dada aliniachia nafasi kwenye benchi. Tulipogeuka kumtafuta Kiberiti, hayupo. Nilimkuta nje, boneti wazi, kichwa ndani.

"Shemeji, njoo ukae. Wanampasua mama yako."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nakaza nati."