Puto la utafiti lilitua Dirma, bibi akalitunza kuliko nilivyoomba

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbulu, huku baridi haijali umevaa sweta ngapi. Haya ni ya kweli, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nafundisha fizikia sekondari, kwetu ni Tanga. Dada mmoja mtafiti, nimwite Neema, aliniomba nimsaidie kurusha puto. Linapanda juu kuliko ndege, linapasuka, kisanduku kinashuka na parachuti.

Kipimo cha ozoni kinatuma data kwa redio hukohuko juu. Ila vumbi la huko linavutwa na pampu ndogo na kunaswa kwenye chujio, lazima ukalifuate lilikotua.

Hilo lilikuwa puto lake la mwisho. Chujio likiharibika, sura nzima ya thesis imekufa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi ya kubandika kwenye kisanduku, kwa atakayekiokota. Nikajifanya nawajua wafugaji. Nikaandika: "Usifungue. Kitunze kama chombo cha maziwa."

Nilijipongeza kabisa.

GPS ikaonyesha Dirma, kule Hanang. Nikaenda na pikipiki mpaka kwenye boma la bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Chombo chako kipo. Mkwe wangu alisoma karatasi, hatukufungua."

Nikamshukuru Mungu. Kisha nikasikia harufu.

"Nimekifukiza mara mbili," akasema. "Chombo cha maziwa bila moshi si kisafi."

Mliokaa na wafugaji mmeshaelewa. Vibuyu vya maziwa husafishwa kwa moshi wa mti maalumu. Na pampu ya kisanduku, iliyotakiwa kujizima ikitua, ilikuwa bado inavuta hewa. Ilivuta vizuri sana.

Nilitamani kunyamaza. Nani angejua? Lakini nikampigia Neema, nikamweleza yote. Nikasikia analia. Iliniuma sana.

Siku mbili baadaye akaja mwenyewe. Akamwamkia bibi, akanywa maziwa, akaomba kipande cha ule mti ili maabara iutambue moshi wake na kuutenganisha na vumbi. Bibi akampa mzigo mzima wa kuni.

Sura ya thesis imetoka nusu, lakini imetoka. Kwenye shukrani bibi ametajwa.

Mimi sijatajwa.

Nilichojifunza: kabla ya kuwaandikia watu maelekezo, kaa nao kwanza unywe chai. Na wewe, nani alishakutii mpaka ukajuta? Uwanja ni wenu, matusi yawe ya kiasi.