Moteri Iliyoimba Ndani ya Pipa

Ndani ya pipa la maji, kwangu Gitega, ile moteri ya mtumbwi ilikuwa inaimba. Navuta kamba mara moja, inashika. Naiongeza moto, maji yanaruka mpaka kwenye ukuta wa jirani, naye anatoka kunitukana. Lakini ukiipeleka Muyinga, ukaifunga nyuma ya mtumbwi, ukapakia watu na magunia yao ya maharage, inafika katikati ya mto, inakohoa, inazima. Nimetengeneza mashine za kusaga, nimetengeneza pikipiki zilizokwisha kutupwa, na hakuna chuma kilichowahi kunidharau namna ile.

Moteri ilikuwa ya dada yangu, mkubwa wangu, tumbo moja. Mumewe alikuwa akivusha watu kwenye mto Ruvubu siku za soko. Alipofariki, dada alikaa eda yake ndani ya nyumba, miezi minne na siku kumi, na mtumbwi ukalala ukingoni umefunikwa matete. Eda ilipokwisha, kaka mkubwa wa marehemu akaja na maneno yake. Akasema mtumbwi si sufuria. Kama dada anaweza kuuendesha na kuitunza moteri mwenyewe, sawa, uwe wake na watoto wake. Kama hawezi, yeye atauchukua, na dada arudi kwao Gitega. Akampa siku tatu za soko za kujionyesha. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli ya Mungu, lakini alikuwa na namna ya kutamka hiyo "sawa" yake iliyonipandisha damu.

Kuendesha dada alikuwa anajua, marehemu alimfundisha. Aliijua mikondo, aliijua mahali viboko wanapopenda kulala. Kilichobaki ni moteri kuvuta mzigo, na hiyo nilisema ni kazi yangu.

"Usihangaike," nilimwambia. "Mi ni fundi ao si fundi?"

Miaka ile esansi, yaani petroli, ilikuwa adimu kama dawa. Kwangu kila moteri niliijaribu kwa chupa: natundika chupa ya esansi kwenye msumari, naunganisha mpira, nasikiliza dakika mbili tatu, nazima, kilichobaki nakirudisha kabatini. Tanki lenyewe la moteri silitumii. Nalijaza tu siku ya safari, kwa sababu Muyinga wakati mwingine hata tone hukosekana, halafu mfuniko naupaka sabuni ya kufulia, naikandamiza vizuri kila penye upenyo. Sote tulifanya hivyo. Dereva wa basi akisikia harufu ya esansi, anakushusha njiani Karuzi na mzigo wako.

Soko la kwanza tulipakia watu kumi na wawili. Tuliondoka vizuri, dada kwenye usukani, nikawa nimesimama nyuma kama bwana harusi. Katikati ya mto ile sauti ikaanza kupungua, kama mtu anayesahau wimbo, kisha kimya. Nikavuta kamba, ikawaka, ikazima. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka.

"Fundi wa Gitega!" mama mmoja mwenye kapu la kuku akasema. "Tushuke tusukume?"

Mtumbwi mzima ulicheka. Hata kuku, naapa. Tukapiga makasia mpaka ng'ambo, na shemeji, yule kaka wa marehemu, alikuwa amesimama ukingoni tulikotoka, mikono nyuma, akitazama.

Nilirudi Gitega na hasira zangu na ile moteri na lile tanki. Nikatoa bujii, yaani vile vinavyorusha cheche, nikazisugua, mwisho nikanunua mpya. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikapuliza kila kitundu kwa mdomo mpaka kichwa kikaniuma. Nikakagua panga la chini linalosukuma maji, halina jino lililovunjika. Nikachuja esansi kwa kitambaa cha kanzu yangu kuukuu. Nikatundika chupa, nikavuta kamba. Mana we, Mungu wangu! Ikaimba. Jirani akatoka kutukana.

Soko la pili, mambo yale yale, mahali pale pale. Safari hii nilipata mtu wa kulaumu. Nikasema ni wale wauza esansi, wanachanganya na mafuta ya taa. Lakini ile esansi nilikuja nayo mwenyewe kutoka Gitega. Basi nikasema ni dada, anaiongeza moto haraka mno, anaisumbua. Dada alikuwa ameshika usukani wa moteri, jasho linamtiririka chini ya mtandio. Tukafika kwa makasia. Watu waliposhuka, akaniita pembeni.

"Mdogo wangu," akasema, "hii kitu iko na jambo. Tukiwa watu wawili tunaenda polepole, haizimi. Tukijaa ndiyo inazima. Na kila ikizima, mi nafungua tanki niangalie kama esansi imeisha. Haijaisha. Lakini nikifungua inapiga psssss, kama mtu amekata pumzi. Nikiwasha hapo, inakimbia kidogo vizuri."

Mtu mwenye akili angemwuliza swali moja tu. Mimi nilikuwa na kiganja kilichochubuka, na nyuma yangu watu walikuwa bado wanacheka.

"Dada, we jua ugali wako," nikamwambia. "Moteri uniachie."

Alinitazama kidogo, akaenda kukaa kwenye mtumbwi. Hakuna siku nyingine maishani niliyowahi kumjibu mkubwa wangu hivyo, na ile siku sikuona hata haya. Niliona tu ile moteri.

Wiki iliyofuata nilikuwa sikaliki. Nilikula nikiifikiria, niliswali nikiifikiria, Mungu anisamehe. Niliifungua yote, nikaifunga yote. Ndani ya pipa, inaimba. Siku moja nililipiga pipa teke kwa hasira na ukucha wa kidole gumba ukatoka, nikachechemea mpaka soko la tatu. Nikajaza tanki, nikapaka sabuni yangu, nikapanda basi.

Siku hiyo shemeji alikuja na wazee wawili. Hakuingia mtumbwini, maji hakuyapenda. Alisema watasimama ukingoni na wataona. Tukapakia watu na magunia, dada akashika moteri, mimi nikakaa karibu yake. Abiria walitazama mbele, waliko wenzao na bidhaa zao, na sidhani kama mmoja wao aligeuka nyuma.

Katikati ya mto, sauti ikaanza kupungua. Nikanyoosha mkono kwenye kamba, lakini dada hakungoja moteri izime. Aliinama, akashika mfuniko wa tanki, akauzungusha kwa nguvu. Psssss. Akauacha umelegea hivyo hivyo. Moteri ikakohoa mara mbili, ikashika, ikanguruma, na mtumbwi ukainua pua. Haikuzima tena. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukachomoa pini kwenye mtandio wake, akaanza kuchokoa juu ya mfuniko. Kikatoka kipande cha sabuni ya kufulia, kigumu, cha rangi ya buluu.

Juu ya mfuniko wa tanki kuna kitundu kidogo cha hewa. Esansi ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Kikizibwa, moteri ikinywa kidogo haijali, lakini ukiipa mzigo inavuta kwa nguvu, tanki linakataa, na inakufa kwa kiu juu ya esansi tele. Chupa yangu ya Gitega ilikuwa wazi juu. Na kile kitundu nilikiziba mimi, kwa kidole changu, masoko yote matatu. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi hata mgonjwa wa dada nilikuwa namtia sumu.

Dada alinipa kile kipande cha sabuni mkononi. Hakunicheka. Alikuwa anatabasamu mwenyewe, akitazama maji mbele, na tangu mumewe afariki sikuwa nimemwona hivyo. Tulishusha abiria, tukapakia wengine waliokuwa wanatoka sokoni, tukarudi tumejaa, na moteri ikavuta mpaka pua ya mtumbwi ikapanda mchangani.

Shemeji akateremka mpaka penye maji. Uso wake ulikuwa mwema.

"Félicitations, hongera," akasema. "Kule katikati niliona ilitaka kuzima, halafu ikafufuka. Nani amejua ugonjwa wake?"

Wazee walikuwa wananitazama. Wale waliocheka soko la kwanza walikuwa pale pale, na yule mama wa kuku. Masoko matatu ya aibu yalikuwa yamenichosha. Ulimi hauna mfupa.

"Mi," nikasema.

Shemeji akatikisa kichwa taratibu, akageukia wazee. "Sawa. Basi mmesikia. Bila fundi leo wangepiga makasia. Fundi anakaa Gitega, mtumbwi iko hapa. Siku ikizima tena na watu ndani, huyu mama atafanya nini? Mtumbwi nachukua mi."

"Hapana, shemeji," nikasema haraka. "Ngoja. Ni dada. Ni yeye amefungua, mi ndiye nilikuwa nimeziba, hata sabuni hii hapa..."

Akaniwekea mkono begani. "Unamwonea huruma dada yako," akasema. "Ni vizuri. Ndivyo ndugu anavyotakiwa kuwa."

Nilimgeukia dada aseme. Wazee nao walimgeukia. Angesema, ingebidi aseme mbele ya wakwe kwamba mdogo wake ni mwongo, na kwetu mwanamke aliyelelewa hafanyi hivyo, hata kwa mtumbwi. Aliinama, akaosha miguu yake matope, akavaa ndara zake.

Tulipanda basi kurudi Gitega siku ya tatu, yeye na watoto wake na mikeka na masufuria. Tulipita Karuzi. Baada ya hapo, mtoto wa mwisho akiwa amelala mapajani mwake, akasema polepole, bila hasira:

"Ungepungukiwa nini kusema ni mi?"

Nilimwambia kwamba moteri za mtoni ni ngumu, kwamba hata mafundi wakubwa zinawashinda. Hilo ndilo jibu nililompa dada yangu.